Pikapu Iliyokunywa Mto

9 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na dada, na kwamba ngazi za hiyo ghorofa ya nne hazijakumaliza magoti. Mimi sijambo. Nyuki nao hawajambo, isipokuwa mzinga mmoja ulioingiliwa na siafu, lakini malkia aliokoka na watu wake wanajipanga upya.

Dada aliniambia kwamba masikio yako sasa hayataki simu kabisa. Anasema ukipewa simu unaishika mbali kama chura, halafu unasema mwenye neno aliandike. Basi naandika. Ila kaa chini kwanza.

Nimenunua gari.

Najua unauliza nilimwonyesha nani kabla ya kulinunua. Sikumwonyesha mtu. Ni pikapu nyeupe, injini yake inaunguruma vizuri, na nilipoikuta kwenye yadi ya dalali ilikuwa imeoshwa inang'aa juani kama sahani. Dalali akaniambia, "Iliguswa na maji kidogo tu." Mjomba, hiyo pikapu imekunywa mto! Nikikata kona ya kushoto, honi inalia yenyewe. Nikikanyaga breki, indiketa zote mbili zinapepesa kama jicho lililoingiwa na mdudu. Wipa zinaanza kufuta kioo kikavu mchana kweupe, taratibu, zinafika katikati, zinasimama, utadhani zimekumbuka jambo. Na asubuhi nikifungua mlango nakuta vioo vyote vina ukungu kwa ndani, kama kuna mtu alilala humo akipumua.

Mafundi wawili wa hapa wameitazama. Wa kwanza alisema niiuze. Wa pili alisema niiuze haraka.

Sitaki kuiuza. Miti yote ya upande wa kilima imekatwa, maua hapa yamekwisha, na nyuki wangu wameanza kula asali yao wenyewe. Kule bondeni kuna mwenye shamba la alizeti aliyekubali niweke mizinga yangu kwake zitakapochanua, mwezi wa sita. Nisipowapeleka, sijui kama watauona mwaka mwingine. Na nyuki huhamishwa alfajiri, wote wakiwa bado ndani. Kwa hiyo nataka taa zinazowaka na gari lisilonizimikia njiani. Nikumbushe yote uliyonifundisha pale gereji, maana nilikuwa mtoto na nilikuwa nacheza zaidi kuliko kusikiliza.

Mpwa wako,
Kiroboto


21 Machi

Kiroboto,

Marahaba, marahaba sana. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu aliyehamishiwa mawinguni. Dada yako anakusalimu. Nimeisoma barua yako mara nyingi hadi akaniuliza kama nimepata mchumba.

Kabla hujamaliza ukurasa huu, toka nje ukafungue waya wa hasi wa betri. Nenda. Nakusubiri.

Umerudi? Sasa nikugombeze. Gari lililozama halinunuliwi, mtoto wewe! Injini ikilowa huanikwa, ikapona. Nyaya zikilowa hazisemi kitu. Zinakaa kimya na ganda lao zuri, huku shaba inaliwa ndani kwa ndani, mpaka siku moja unavuta waya unabaki na unga wa kijani mkononi. Maji peke yake ni mvivu. Ukimpa umeme ndipo anaota meno. Ndiyo maana nimekwambia ufungue betri. Kila siku uliyoliacha limeunganishwa, maji yalikuwa yanakula shaba.

Lakini umeshalinunua, na mimi sina kazi, kwa hiyo tuendelee. Mtafute aliyekuwa nalo. Muulize maji yalifika wapi: chini ya kiti, kwenye usukani, au juu ya dashibodi. Muulize yalikuwa ya mto au ya bahari, maana chumvi haina msamaha. Usimuulize kwa nini aliuza, hayo ni ya kwake. Kisha ng'oa viti, ng'oa zulia, ondoa vifuniko vya chini ya dashibodi pande zote mbili. Acha milango wazi juani. Usiogope utakachokiona.

Hapa siku zinapita polepole. Nimewekewa kiti dirishani. Naona mapaa, kamba za nguo, na nyaya za umeme zinazoruka kutoka nguzo hadi nguzo. Vidole viwili vya mkono wa kulia bado vina ganzi tangu kile kiharusi cha mwaka jana, lakini kalamu navishikisha kwa nguvu. Tangu barua yako ifike naota ndoto moja. Natembea ndani ya waya. Ni njia ndefu ya rangi ya shaba, ina joto kidogo chini ya nyayo, na kwa mbali kuna taa, nami najua nikifika itawaka. Naamka kabla sijafika. Lakini naamka vizuri.

Ni mimi,
Mjomba wako


8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Vipi vidole? Unavikanda kwa maji ya moto kama daktari alivyosema, au unamdanganya dada? Hapa mvua zimepungua, mimi mzima.

Nimeng'oa kila kitu. Gari liko uani kama kuku aliyenyonyolewa. Chini ya zulia kulikuwa na tope laini, la rangi ya kakao, limejipanga tabaka tabaka kama kurasa. Ndani ya boksi la fyuzi nimemkuta konokono, mdogo kama punje ya mahindi, amekauka, amelala kwenye nafasi ya fyuzi ya redio. Nyuma ya kifuniko cha upande wa kushoto kuna soketi kubwa ambamo nyaya nyingi zinakutana. Nilipoitenganisha lilitoka tone la maji. Baada ya miezi yote hiyo, Mjomba, tone safi. Niliona mawingu ndani yake. Kisha likadondoka.

Na mwenye gari nimempata. Dalali hakutaka kumtaja mpaka nilipokaa ofisini kwake na fremu moja ya nyuki mapajani. Ni mwoka mikate, mzee mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi, ana tanuri karibu na mto. Nilipomwambia nina pikapu yake alifuta mikono, akaniletea kiti.

Nikamuuliza, "Maji yalifika wapi?"

Akaweka kiganja kifuani. "Hapa, kama ungekuwa umekaa kwenye usukani. Lakini hakuna aliyekuwa amekaa. Tulikuwa juu ya paa la tanuri, mimi na mke wangu na majirani. Mvua nene, huoni mkono wako. Mashua za waokoaji tulizisikia zikipita mbali. Tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Halafu gari likaanza kulia."

"Nani alikuwa anapiga honi?"

"Hakuna mtu! Maji yalipofika kwenye usukani lenyewe likaanza. Likalia bila kukata pumzi, sauti ikawa nzito kama ng'ombe anayezaa. Mashua ikaifuata ile sauti mpaka ikatufikia. Tulipokuwa tunapanda, ndipo likanyamaza."

Nilivunja amri yako. Nilimuuliza kwa nini aliliuza. Akacheka, machozi yakachimba njia kwenye unga. "Gari la kazi lazima uweze kulitukana likigoma. Hili nilishindwa kulitukana. Nikilikanyagia moto tu, najikuta nasema samahani. Utapelekaje mikate hivyo?"

Alinipa mkate wa moto, nikarudi nao nyumbani ndani ya gauni kama mtoto. Sasa niambie. Maji ni ya mto, yalifika kifuani. Na je, honi niitengeneze? Naogopa kidogo kuigusa.

Mpwa wako,
Kiroboto


20 Aprili

Kiroboto wangu,

Marahaba. Vidole navikanda, na wewe usiwe mpelelezi.

Honi itengeneze. Ililia kwa sababu maji yaligusanisha mahali pawili pasipotakiwa kugusana, basi. Shoti ni shoti. Lakini usimwambie mwoka mikate kwamba nimesema hivyo. Nami nikuambie ukweli wangu: nilipomaliza kusoma, nilifumba macho nikaisikia. Mlango ukigongwa siusikii, dada yako akiniita kula siusikii, lakini honi ile niliisikia ikitoka chini ya maji, na nikakaa nayo mchana wote.

Sasa kazi. Boksi la fyuzi, soketi zote: tenganisha moja moja, safisha kwa spiriti na mswaki mkuukuu, anika, paka grisi kidogo sana, rudisha. Usifungue ya pili kabla hujaifunga ya kwanza, utachanganyikiwa ulie. Waya wenye unga wa kijani usiuonee huruma, kata mpaka ukute shaba inayong'aa, uunge mpya.

Halafu zile indiketa. Sikiliza, hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kila taa ina njia ya umeme ya kwenda na njia ya kurudi. Ya kwenda ni waya, kila mtu anautazama. Ya kurudi ni bodi ya gari lenyewe, na mlango wake ni boliti za asi, zile zinazobana nyaya za hasi kwenye chuma cha gari. Boliti ikila kutu, umeme unakosa pa kupitia, unaanza kuzurura, unabisha hodi kwenye taa za watu wengine. Kwa hiyo unakanyaga breki, inapepesa indiketa. Indiketa haina kosa. Zitafute boliti hizo zote, zifungue, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, funga kwa nguvu. Iko nyuma ya taa za nyuma, iko chini ya dashibodi, na iko moja kubwa ambayo... nitakuandikia barua ijayo, mkono umechoka na nataka nichore mchoro.

Usipakie nyuki mpaka nikupe ruhusa.

Jana walizima umeme mtaa mzima. Nikaona nguo kwenye kamba za mapaa yote zikiyumba pamoja, bila sauti, kama watu wanaoagana. Nikasema, hiki ndicho kitu ambacho nikiwa gereji nisingekiona kamwe. Usifikiri ni furaha. Ni kitu cha karibu na furaha.

Mjomba wako


10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hali yako? Mimi mzima, ila mikono inanuka spiriti hata nyuki wananikwepa.

Honi imenyamaza. Nililia kidogo, nisamehe. Wipa zinatii. Boliti nyuma ya taa za nyuma ilikuwa imeoza kabisa, nikapiga msasa mpaka ikawa nyeupe kama jino, na sasa nikikanyaga breki zinawaka taa za breki tu! Nilimwita jirani asimame nyuma anitazamie, akasema, "Zinawaka nyekundu." Nikamwambia, rudia. Akasema, "Dada, ni nyekundu, ulitaka ziwe za zambarau?"

Limebaki jambo moja. Likitembea kwa muda, likishapata joto, nikipita kwenye shimo linazimika ghafla. Taa, injini, kila kitu, kama mtu aliyefumba macho. Nikisubiri, linaamka. Nimetazama betri, nzima. Vichwa vya betri nimevisafisha. Ile boliti kubwa uliyotaka kunichorea, iko wapi?

Alizeti zimeota vichwa, bado zimefumba. Naenda kuzitazama kila wiki.

Mpwa wako,
Kiroboto


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nilimpigia dada, akasema umechoka kidogo, utaandika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga mlango polepole ili usilie. Nikamuuliza mara ya pili, akasema tena, "Amechoka kidogo."

Sitauliza habari za gari. Niambie tu kama unakula na kama umekaa dirishani.

Alizeti zimeanza kufumbua. Nyuki wangu wanatoka mlangoni, wanazunguka, wanarudi mikono mitupu. Nikiinua mizinga ni myepesi. Nimewapa maji ya sukari, lakini hayo ni kama kumpa mgonjwa hadithi badala ya chakula. Ulisema nisipakie bila ruhusa yako. Naisubiri mpaka mwisho wa wiki.

Kiroboto


12 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, popote ulipo kwenye hicho kimya chako. Sikusubiri zaidi. Nakusimulia ili unigombeze utakapoweza.

Nilipakia mizinga alfajiri, nikaifunga midomo kwa wavu, nikaondoka taa zikiwaka vizuri mbele yangu. Barabara ilikuwa na umande, mashamba yamefunikwa na ukungu mwembamba, na mgongoni kwangu mngurumo wa nyuki wote pamoja, ule wa chini, unaoingia kwenye mifupa. Kwa muda nilisahau kwamba naendesha. Niliona kama gari limesimama na dunia ndiyo inayopita pole pole kando yangu.

Nilipoanza kuteremka bondeni gari likapita kwenye shimo. Kila kitu kikafumba.

Nikasubiri liamke. Halikuamka. Mashariki kukawa kweupe, kisha kwekundu. Unajua jua likipiga mizinga iliyofungwa: nyuki wanajazana mlangoni, joto linapanda, wanajipikia wenyewe. Mngurumo ulibadilika, ukapanda juu. Akaja mtu wa baiskeli na madumu ya maziwa, akasimama mbali.

"Dada! Umebeba nini kinacholia hivyo?"

"Nyuki!"

"Wangapi?"

"Wote!"

Akageuza baiskeli. Lakini hakwenda. Akaniuliza kwa mbali, "Nikusaidieje?" Nikamwambia amwage maji juu ya magunia niliyofunika mizinga, kuna dumu nyuma. Nilidhani atakimbia. Alikuja, amejifunga shati usoni, akamwagia mizinga kama anamwagilia mchicha.

Mimi nikafungua boneti, nikasimama. Nilijaribu kukusikia. Sikukusikia, Mjomba, nakwambia kweli. Nikaanza kutembea kwa kidole kama ulivyosema unatembea ndotoni. Kutoka betri chanya: waya huu, mzima. Fyuzi kubwa, nzima. Stata, nzima. Nikarudi upande wa hasi. Waya mnene mweusi unatoka betri, unashuka chini, unafungwa kwenye injini, na mwingine unatoka injini kwenda bodini. Njia ya kurudi! Umeme unakwenda vizuri, haupati pa kurudia. Nikaugusa ule wa chini, ukacheza. Nikauvuta, ukabaki mkononi mwangu. Ganda zima, zuri, jeusi. Ndani unga wa kijani.

Sikuwa na waya mwingine, ila nilikuwa na zile kebo za kuwashia gari kwa betri ya jirani. Nikabana mdomo mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, kisha kebo ya pili kutoka injini hadi bodini. Nikamwambia mwenye maziwa asogee. Nikawasha.

Likaamka, Mjomba. Taa zikawaka kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona kwenye gari hili. Yule wa maziwa akapiga makofi.

Nilifika shambani jua limepanda. Wamekufa baadhi, hasa kwenye mzinga mmoja wa pembeni. Wengine wote nimewafungulia, wakatoka. Maua yale yote yametazama upande mmoja, makubwa kama nyuso. Nilikaa chini nikavua buti na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Sasa niandikie. Hata neno moja.

Kiroboto


30 Juni

Kiroboto

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umekwenda. Na maneno mdomoni yamekwenda pia nayatafuta hayaji. Kalamu bado inayapata.

Hapo ndipo ilipo ile boliti. Ile kubwa. Nilikuwa nachora ikaanguka kalamu.

Dada yako alitaka kukwambia. Nilimkataza kwa kichwa.

Sikugombezi.

Mjomba


6 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama katikati ya alizeti, nikakaa chini hapohapo. Herufi zako zimekuwa kubwa kama za mtoto. Zinapendeza, nisikudanganye.

Waya wa asi nimeweka mpya, mnene. Gari halizimiki tena. Lakini kuna kitu kimenishinda: taa ya ndani, ile ya kwenye dari, haizimiki. Nimefunga milango yote, nimetazama swichi, bado inawaka. Nahitaji fundi. Naona itabidi uje mwenyewe uitazame. Kwangu hakuna ngazi hata moja.

Kiroboto


17 Julai

Kiroboto

Usinidanganye. Swichi ya mlango wa kulia. Imeganda ndani kwa tope. Ulikuwa unaijua ukiwa na miaka saba.

Mimi siyo fundi sasa. Kijiko kinanishinda. Dada yako ananilisha akitoka kazini, ameanza kukonda. Sijashuka chini tangu siku ile. Ngazi ni nyingi na hakuna wa kunibeba.

Usinialike kwa taa. Kama ni kwa taa siji.

Mjomba


25 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Umesema kweli. Niliisafisha ile swichi siku ileile kabla hata sijaandika, taa ikazima.

Nianze upya. Sikuiti kwa taa. Gari limepona, sina swali lolote la umeme, na huenda nisiwe nalo tena. Nataka ukae hapa. Jioni nikirudi kutoka kwenye mizinga nyumba imenyamaza mno, na nikiona kitu kizuri sina wa kumgusa bega nikamwonyesha. Kijiko nitakishika mimi. Kalamu utaishika wewe. Kama hutaki, andika hapana, nami nitakuja kukutembelea huko juu kila nitakapovuna, bila kinyongo.

Nimezungumza na dada. Alilia kwenye simu, kisha akauliza kama kwangu kuna dirisha kubwa. Amesema uamuzi ni wako, na kwamba akipata likizo atakuja akae nasi. Ukisema ndiyo, mwenye maziwa na mwoka mikate wamesema watafuatana nami. Wana mabega. Mwoka mikate anadai ameshabeba magunia ya unga mazito kuliko wewe.

Kiroboto


3 Agosti

Kiroboto

Njoo.

Mwambie mwoka mikate mimi siyo gunia.

Mjomba


19 Agosti
Chumba cha nyuma, kwako

Mpwa wangu,

Umetoka mapema, nami sikutaka kukushika mkono ukiwa na haraka, kwa hiyo naacha hii mezani chini ya kikombe.

Nimelala vizuri. Ile safari bado iko mwilini mwangu. Ulidhani nimesinzia njia nzima, sikusinzia. Nilikuwa nimeweka kiganja cha kushoto kwenye mlango, na gari lilikuwa linaniambia kila kitu. Mabonde yalipita na ukungu wake, nikaona miti ikija na kuondoka, nikafikiri huenda hivi ndivyo inavyokuwa mtu akiacha kushika usukani. Sikuogopa.

Leo asubuhi nimetazama mizinga miwili uliyoirudisha hapa uani. Nimetazama kwa muda mrefu. Maisha yangu yote nimejua njia za vitu visivyoonekana, na hawa wanaoonekana siwajui hata kidogo. Nataka kujifunza. Usicheke. Wewe ulinipa maswali miezi yote hii, sasa ni zamu yangu, na nitauliza polepole kwa sababu ya mkono.

La kwanza ni hili. Jana walikuwa bondeni, leo wako hapa. Hakuna aliyewauliza. Wakiamka na kutoka, wanajuaje kwamba sasa wanakaa hapa?

Mjomba wako


19 Agosti, mchana

Mjomba,

Nimerudi nikakukuta umesinzia kwenye kiti, sikukuamsha.

Hawajui. Siku ya kwanza hawaendi mbali. Mmoja anatoka mlangoni, anageuka, anautazama mzinga. Anapaa kinyumenyume, uso wake bado kwenye mlango, anazunguka duara dogo, kisha kubwa kidogo, kisha kubwa zaidi: anashika ukuta, anashika tangi la maji, anashika kamba ya nguo. Wengine wanarudi ndani, wanatoka tena. Huwezi kuwaharakisha.

Kiti chako kingine nimekiweka nje, kwenye kivuli. Chai iko kwenye chupa. Ukiamka nigonge bega, tutatoka pamoja. Tukifika mlangoni, geuka kwanza uitazame nyumba.

Kiroboto wako